Ufuo Chumbani mwa Bibi

Mimi ni mtu wa shaka, wala sijifichi. Mume wangu husema nikiletewa chai naichungulia mpaka ipoe, na nikipigiwa hodi nauliza "nani?" mara tatu hata kama sauti naijua. Basi juzi alipomleta fundi nyumbani kwetu Bondeni, aje kutazama mashini ya kufulia itaingia wapi katika nyumba hii isiyo hata na nafasi ya kuongeza kiti, nilisimama mlangoni pa jiko nimekunja mikono, namwangalia anavyopima. Akapima, akagonga ukuta, chokaa ikadondoka. Akamwaga maji kidogo sakafuni aone yatakimbilia wapi. Maji yakakutana na ile chokaa, yakakutana na sabuni ya unga iliyokuwa imemwagika pembeni, ikapanda harufu. Nikaushika mlango. Mume wangu akaniuliza, "Vipi wewe?" Nikamwambia sina kitu, na huo ulikuwa uongo mtupu. Pale pale nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, niko nyumbani kwetu Mji wa Kale, na namshuku mama yangu kwamba ataka kumuua bibi yangu.

Nyinyi mliokua wakati wetu mwazijua nyumba zile. Kuta nene, mtoto aweza kulala ndani ya dirisha, lakini vyumba vyenyewe vyembamba kwa sababu nafasi yote imeliwa na ukuta. Kwetu unaingia ukumbini, wanakokaa wageni. Nyuma ya ukumbi kuna chumba cha ndani, na nyuma ya chumba hicho bafu na choo. Juu kuna chumba kimoja tu, cha Baba na Mama, na ngazi ya kupandia huko ilikuwa nyembamba, tena imejipinda katikati. Chumba cha ndani kilikuwa cha Bibi, mama yake Baba. Mimi nililala humo humo, godoro langu chini, kando ya kitanda chake kikubwa cha samadari. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na kabla sijalala lazima anitanie kwamba marehemu babu alimpenda yeye zaidi.

Kisha Bibi akateleza bafuni. Hakuvunjika, lakini alikaa kitandani wiki mbili, na alipoinuka hakuwa yule. Utani ukakatika. Na siku chache baadaye Mama akanambia nikunje godoro langu nikalale ukumbini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Mtu akikwambia hivyo ana jambo. Nikalala ukumbini macho wazi, na alfajiri, adhana ikiadhiniwa, nikamwona Mama akitoka chumbani mwa Bibi ananyata kwa ncha za vidole, amekumbatia furushi lililofungwa kwa leso, mafundo matatu. Akalisukuma chini ya ngazi, akaliegemeza ndoo, akapanda juu. Kesho yake vile vile. Nikirudi shule mchana furushi halipo, na mikono ya Mama imekuwa myekundu.

Nikaanza kukusanya ushahidi, maana mtoto wa shaka hana kazi nyingine. Kwanza, maji. Ikishafika magharibi Bibi hapewi maji. Alikuwa akinyosha mkono kuchukua bilauri na Mama anaisogeza, anasema taratibu, "Yatosha, Mama, yatosha kwa leo." Nikajiuliza ni mtu gani anayemnyima mama mkwe wake maji, tena kwa sauti nzuri hivyo. Pili, udi. Chetezo kilikuwa kikifukizwa chumbani mwa Bibi asubuhi na jioni, wala hatuna harusi, wala hatuna mgeni. Mimi udi mwingi wa namna ile nilikuwa nimeunusa mahali pamoja tu, nyumba ya pili kutoka kwetu, siku alipokufa mzee wao. Tatu, godoro la Bibi. Siku moja nilimkalia kitandani, kitu kikachakarika chini ya shuka, kama mfuko wa nailoni. Nikauliza ni nini, Bibi akaugeuza uso ukutani.

Ningeweza kuyameza hayo yote. Lililonimaliza lilikuwa neno moja.

Ijumaa baada ya swala Mama alimpeleka Bibi kwa daktari. Niliporudi kutoka dukani nikasikia sauti za wanaume chumbani mwa Bibi. Alikuwa Baba, na Fundi Mwinyi, mwashi mzee wa mtaani ambaye hakuna ukuta Mji wa Kale asiouziba ufa. Walikuwa wamenyosha kamba kutoka mguu wa kitanda mpaka mlango wa bafu. Nikajibanza nyuma ya mlango.

"Ni hapa hapa tu," alisema Fundi Mwinyi. "Kitanda twakisogeza huku, halafu nachimba ufuo hapa chini, unapita hivi mpaka bafuni."

"Mrefu?"

"Dhiraa tatu hivi. Kazi ya siku moja. Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe hajakubali," Baba akasema, na akashusha pumzi. "Nikimtajia yuwalia tu. Lakini hana budi. Nami nataka tuyamalize kabla watu hawajaanza kuuliza."

Loo! Ufuo! Kwa asiyejua, ufuo ni kijihandaki kinachochimbwa chini ya kitanda anapooshewa maiti, ili maji yapate pa kwenda. Nililijua neno lile kwa sababu ya yule mzee wa nyumba ya pili. Siku ile watu walikuwa wakiulizana mlangoni kwa sauti ya chini, "Ufuo tayari?", nami nikaenda kumuuliza Bibi, naye akanieleza wazi, kwani hakuwa mtu wa kumficha mtoto mambo ya kifo. Sasa walikuwa wakimpimia yeye. Naye yu hai! Asubuhi ile ile alikuwa amekula mahamri mawili na mbaazi.

Tangu siku ile sikumwacha. Uji wake nauonja kwanza mimi. Chai yake naonja. Mama akanitazama, akasema, "Wewe njaa gani hii ya siku hizi?" Nikamwambia napenda tu. Maji nilimwibia Bibi baada ya isha, bilauri nzima, nikamnywesha gizani, naye maskini akanywa kwa sababu alikuwa na kiu. Alfajiri furushi la Mama lilikuwa kubwa kuliko siku zote. Sikuyaunganisha hayo mawili.

Nikamuuliza Bibi mwenyewe. "Bibi, Baba alikwambia nini hata ukalia?"

"Hayo ni ya wakubwa, mke mwenzangu."

"Wataka kukufanya nini?"

Akanishika kichwa akakiegemeza kifuani mwake. Machozi yake yakaniingia katika nywele. Nikaapa moyoni kwamba ufuo huo hautachimbwa, na kwamba nitawasemea kwa watu wote.

Watu wote walikuwa wakija kwetu kila Alhamisi. Chuo chetu cha Kurani hakikuwa na masomo siku hiyo, na baada ya alasiri wanawake wa mtaani hukusanyika ukumbini kusoma uradi, Bibi ndiye mkubwa wao. Wakimaliza hunywa kahawa, na hapo ndipo dunia nzima inapozungumzwa. Mbele yao alikuwa Bi Zena, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Dirisha lake na letu yalikaribiana hata akikaanga vitunguu sisi ndio tunaopiga chafya. Kumwambia Bi Zena jambo ni kulitangaza mpaka Makadara, na mimi hilo ndilo nililolitaka.

Wiki ile mifereji ilikuwa imekauka siku tatu. Mama alinunua maji ya mkokoteni, ya kupikia na kutawadhia tu, na furushi chini ya ngazi likawa likivimba, halitoki. Alhamisi nikalichungulia. Kwenye fundo palikuwa pametokeza ncha ya kitambaa, cheupe. Basi, sikuhitaji zaidi. Sanda.

Uradi ulikuwa umekwisha. Bibi amekaa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, Mama anamimina kahawa. Nikaliburura furushi mpaka katikati ya mkeka, mbele ya wote.

"Tazameni!" nikapiga kelele. "Tazameni nyote! Wamemshonea Bibi sanda naye yu hai! Baba ataka kumchimbia ufuo chumbani mwake!"

"Weka chini!" akasema Mama. "Wewe mtoto, weka chini hiyo!"

Nilikuwa nimeshalifungua fundo la kwanza kwa mkono, na la pili, na la tatu kwa meno.

Hapakuwa na sanda. Palikuwa na shuka nyeupe, mbili, tatu, zenye madoa ya manjano, na leso ya zambarau, na vyote vilikuwa majimaji. Harufu ikajaa ukumbi. Kila aliyewahi kulea mtoto anaijua harufu ile, na udi wote tuliokuwa tukiufukiza haukuweza kuifunika.

Wanawake wakasogea nyuma. Bi Zena akajifunika pua kwa ncha ya mtandio.

"Za nani hizi?" akauliza.

Mama alikuwa amesimama na dele ya kahawa, mdomo wazi. Nikamtazama Bibi. Mkono wenye tasbihi ulikuwa umesimama. Hakunitazama mimi, aliitazama leso yake ya zambarau, ile anayojifunga akilala, ambayo nje ya nyumba yetu hakuna aliyeijua. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Na hapo ndipo niliposhikwa na akili. Maji ya jioni, udi, nailoni, godoro langu lililohamishwa. Nilikuwa nimekuja kumwokoa Bibi, kumbe ndiye niliyemfedhehesha, na lilibaki neno moja tu la kusemwa na mtu ili fedheha itimie.

"Zangu," nikasema. "Ni zangu. Mimi nakojoa kitandani."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha Bi Zena akaanza, na wengine wakamfuata.

"Ala! Msichana mzima wa miaka tisa! Na kuona atafedheheka akazua mambo ya sanda! Lo, mtoto huyu ana hila!"

"Na huo ufuo je?" mwingine akauliza, huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mama akapata sauti. "Baba yake amepata mashini ya kufulia," akasema, hatazami mtu. "Fundi yuwaja kuchimba pa kupita maji."

"Kumbe!" akasema Bi Zena, akanipiga kibao cha mapenzi mgongoni. "Mashini ya kojozi!"

Jioni ile Mama aliniita juu. Nilijua napigwa, nikavaa magauni mawili. Hakunipiga. Alinikalisha kitandani akanionyesha mikono yake, vidole vimepasuka kwenye viungo kwa sabuni na dawa ya madoa. Akanambia kwamba tangu kuanguka Bibi hawezi kujizuia, daktari hajui kama atapona, na kwamba, mbali na daktari, wanaojua ni watu watatu tu, na wa nne sasa ni mimi. Baba alikuwa fundi wa injini za boti Liwatoni, na huko mwenye boti mmoja aliyekuwa akihama alimpa mashini yake kuukuu. Ilikuwa imekaa kwenye karakana wiki tatu imefunikwa turubali, kwa kukosa pa kuiweka.

"Juu haipiti ngazi," akasema Mama. "Hata ikipita, Fundi Mwinyi asema boriti zimechoka, siku itakapoanza kutetemeka itatushukia kichwani. Bafuni mwenyewe waona, pipa na ndoo, mtu aingia upandeupande. Ukumbini kuna wageni. Pamebaki chumbani mwa Bibi tu, naye hataki. Si kwamba haitaki mashini. Aogopa watu watauliza mbona mzee alazwa na mashini ya kufulia chumbani. Mara ngapi nimesema tukaitupe jaani Kibarani tupumzike."

"Na ufuo?"

Mama akacheka huku analia. "Fundi Mwinyi ni mtu wa zamani. Kwake pote panapopita maji machafu ni ufuo."

Kisha akanishika kidevu. "Umemstiri bibiyo leo. Usimwambie mtu. Hata yeye mwenyewe usimtajie."

Sasa sababu ya kuwaambia watu ilikuwa imepatikana, na mashini ikaja Jumamosi juu ya mkokoteni. Njia yetu ilikuwa nyembamba hata watu waliokutana na mkokoteni iliwabidi warudi nyuma. Mlango mkubwa ilipita. Mlango wa chumba cha Bibi ikakataa, ikabidi Fundi Mwinyi aung'oe mwimo. Bi Zena alikuwa dirishani pake anaamrisha: "Inamisheni! Siyo huko, huku kwangu!" Kitanda cha samadari kikasukumwa mpaka ukutani. Msala wa Bibi ukapata nafasi yake kwa kuikunja pembe moja, kwa sababu kwa kibla hakuna pengine pa kuutandika. Ufuo ukachimbwa, dhiraa tatu kasorobo, ukatiwa saruji na chokaa. Siku nzima Bibi alikaa ukumbini ameupa mgongo mlango. Mashini ilipowashwa mara ya kwanza ilitetemeka, ikatembea shubiri nzima kutoka ukutani. Baba akaitilia vipande vya mbao miguuni, ikatulia. Nguo zikawa zinafuliwa humo humo na kuanikwa humo humo, kwenye kamba juu ya kitanda, asizione mtu. Mikono ya Mama ikaanza kupona.

Mambo yangu mimi ndiyo yalianza kuharibika. Nilidhani neno nimelisema ukumbini likaishia ukumbini. Jumamosi jioni chuoni wakaniita kojozi. Jumapili wasichana wawili wakanyanyuka kwenye mkeka nilipokaa. Nilikuwa nimebakisha sura chache tu kukhitimu, na Mama alikuwa ameshaninunulia kitambaa cha gauni la khitma. Jumatatu mwalimu akaniita kando. Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole kabisa. Jirani yetu alikuwa amefika kwake kumwambia, kwa nia njema, na msahafu hauguswi na mwenye najisi. Basi nikae karibu na mlango, pembeni ya mkeka, nisikilize tu, na khitma yangu ingoje mpaka nipoe.

Nilikaa pale penye viatu siku tatu. Nilikuwa nikitazama vidole vyangu, visafi, nimevisugua mpaka vinauma. Nilitamani kusema. Nilikuwa na maneno mawili tu, "ni Bibi", na kila siku niliyafikisha mpaka kwenye meno nikayarudisha.

Na nasema wazi, maana wengi wetu hujidai tulikuwa watoto wema: nilimchukia Bibi. Shaka yangu yote niliyokuwa nimemfanyia Mama nikaihamishia kwake. Nilimwona amekaa, ananukia asumini, watu wanambusu mkono, nami nakaa na viatu kwa ajili ya shuka zake. Nikaanza kufikiri kwamba anajua. Anajua kila kitu na amenyamaza, kwa sababu kunyamaza kunampendeza. Akiniita naitika kwa shida. Nikaacha kumletea maji ya kutawadha.

Jumatano akanambia, "Mke mwenzangu, khitma yako si imekaribia? Gauni limeshonwa?"

"Hakuna khitma," nikamjibu. "Mwenye najisi hakhitimu." Nikatoka, nikambamizia mlango usoni. Nikamsikia akimwita Mama amweleze.

Alhamisi wakaja kama kawaida. Bibi aliongoza uradi kwa sauti yake ile ile. Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe vya kahawa, nazunguka nimeinamisha macho, na chumbani mashini inazunguka, inasikika mpaka ukumbini.

"Hiyo nayo yalia kutwa," akasema Bi Zena, akachukua kikombe. "Kojozi bado hajapoa tu?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu wanaonijua tangu nizaliwe. Lakini sinia ikanitetemeka.

"Zena," akasema Bibi.

"Labeka, Bi Nuru."

"Shuka zile ni zangu."

Bi Zena akatabasamu kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Nini?"

"Ni zangu mimi. Zile ulizozicheka, na hizi zinazofuliwa sasa hivi. Tangu nilipoanguka sijiwezi. Huyu mtoto hajakojoa kitandani tangu ajue kusimama."

Mama alinyanyuka, Bibi akamwashiria kwa kidole akae. Mmoja akavuta astaghfirullah, akaikatisha katikati. Bibi akawatazama mmoja mmoja, mzunguko mzima wa mkeka.

"Mbona hamcheki? Alipokuwa mtoto mlicheka."

Bi Zena akakiweka kikombe chini.

"Kwa mwalimu ulikwenda wewe mwenyewe kwa miguu yako," Bibi akamwambia. "Basi utarudi kwa miguu hiyo hiyo umweleze ni nani. Nitaje jina. Nenda leo, kabla ya magharibi."

"Bibi," nikasema, na machozi yameshanijaa, "mimi ningevumilia. Wallahi ningevumilia."

"Najua ungevumilia," akasema. "Ndiyo maana nimesema. Weka hiyo sinia, vikombe vitavunjika."

Chumbani mashini ikazunguka mara ya mwisho, ikapiga kishindo, ikanyamaza.

"Kazitoe uzianike," akanambia Bibi.

"Kwenye kamba ya chumbani?"

"Siyo chumbani. Dirisha la juu, la njiani."

Nikazitoa, nzito, zinanuka sabuni, nikapanda nazo ngazi, nikazitandaza dirishani moja moja, na mbele kabisa nikaitandaza leso yake ya zambarau. Chini yangu Bi Zena alikuwa ametoka na buibui lake, ashika njia ya kwenda kwa mwalimu. Maji ya leso yakamdondokea begani. Hakuinua uso.